Usiniambie Haujawahi Kuanguka, Nionyeshe Nakala Iko Wapi

Wasee, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Kwa miezi mitatu nilizunguka Kibera na simu na kamaikrofoni kadogo, Makina, Lindi, Laini Saba hadi Gatwekera, nikirekodi wazee na kina mama wakisimulia Januari 2008. Reli iling'olewaje. Toi Market iliunguaje. Nani alimficha nani. Nikapata mahojiano 11, na yote nikayaweka kwenye diski moja, ndani ya laptopu ya mtumba.

Diski yenyewe nilikuwa nimeiwekea mfumo mpya wa faili, ule ambao waliouunda wenyewe waliandika kwamba bado uko kwa majaribio. Mimi na ujuaji wangu nikaona hayo ni maneno ya kujikinga tu. Kasi ilikuwa tamu. Wiki saba, hakuna shida hata moja. Halafu jioni moja stima ikapotea mtaa mzima, na batri ya hiyo laptopu ilikuwa imekufa kitambo. Stima iliporudi, diski ikakataa kusomeka. Fundi alihangaika nayo siku mbili, akanirudishia na neno moja: pole.

Mzee mmoja kati ya wale 11 amefariki tangu hapo. Wajukuu wake waliniomba ile video waiweke kwenye matanga. Sikuwa na la kuwaambia.

Kama hujui mfumo wa faili ni nini, fikiria Toi Market. Diski ndiyo soko lenyewe, na mfumo wa faili ni yule mtu anayejua kila kibanda kiko wapi na ni cha nani. Akipoteza daftari lake, viatu na suruali bado ziko sokoni, lakini hakuna anayejua aanze kutafuta wapi.

Watu waliniambia, "Ulitumia kitu cha majaribio, ulidhani nini?" Nikakubali, nikanyamaza. Baadaye hiyo kauli ikaanza kunisumbua, kwa sababu kila kitu tunachokiamini leo kiliwahi kuwa cha majaribio. Hata M-Pesa ilijaribiwa kwa watu wachache kuanzia 2005 kabla ya kuzinduliwa Machi 2007. Kwa hivyo kusema tu "ni kipya" hakunisaidii. Ningejuaje kwamba kimefika mahali pa kuaminiwa? Nilianza kusoma historia ya mifumo ya faili nikitafuta jibu, na nikajikuta nimefika Bomas of Kenya. Nifuate pole pole, njia utaiona.

Waliotangulia kuungua

Zamani kompyuta ikizimika ghafla ilibidi ikague diski nzima ndipo iwake tena, na ungeweza kusubiri sana. Dawa moja ilikuwa daftari: mfumo unaandika kwanza kile unachotaka kufanya, ndipo unakifanya. Stima ikipotea katikati, ukiamka unasoma daftari na kujua uliishia wapi. Mfumo wa ext3, ulioingia Linux mwaka 2001, ulifanya kazi hivyo, na watu wengi wakauamini.

Mdogo wake, ext4, alitangazwa kuwa thabiti mwishoni mwa 2008. Miezi michache baadaye watu waliokuwa wakijaribu toleo jipya la Ubuntu wakaanza kulalamika: kompyuta ikizimika vibaya, faili walizotoka kuhifadhi zinarudi zikiwa tupu kabisa. Theodore Ts'o, aliyekuwa akiongoza kazi hiyo, akaeleza kwamba mfumo haukuvunja sheria yoyote. Unachelewa kidogo kuandika ili upate kasi, na programu inayotaka uhakika inapaswa kuuomba waziwazi. Kisheria alikuwa sawa. Lakini mtu aliyepoteza faili zake hali sheria, na mwishowe yakaongezwa marekebisho ya kuwakinga watu.

Kisha kukaja Btrfs. Chris Mason alianza kuujenga mwaka 2007 akiwa Oracle, ukaingia Linux 2009 ukiwa na onyo la majaribio. Huu unakipa kila kipande cha data alama ya ukaguzi, yaani namba inayokokotolewa kutokana na data yenyewe. Kipande kikisomwa na namba ikakataa kulingana, mfumo unakwambia wazi: hapa pameharibika. ZFS ya Sun Microsystems ilikuwa na jambo hilo tangu 2005. Mifumo ya kawaida ya zamani ingeweza kukupa data mbovu bila hata kupepesa jicho. Hii mipya angalau inakubali kusema imekosea.

Sasa tazama watu wazima, wote wataalamu, walivyogawanyika. Mwaka 2014 SUSE waliufanya Btrfs kuwa chaguo lao la kawaida. Mwaka 2016 kasoro kubwa ikaonekana katika sehemu yake moja, ile inayosambaza data kwenye diski kadhaa ili moja ikifa zingine zijaze pengo, na mpaka leo watengenezaji wanaonya usiitumie sehemu hiyo kwa kazi ya maana. Mwaka 2017 Red Hat wakatangaza kwamba wanauacha. Mwaka 2020 Fedora, mradi unaodhaminiwa na Red Hat hao hao, ukauchukua kuwa chaguo la kawaida kwenye toleo lake la kompyuta za watu binafsi. Facebook nao wanautumia kwenye seva zao nyingi.

Nani muongo hapo? Hakuna. Kila mmoja alijibu swali lake. Facebook seva moja ikifa, data iko kwingine na maisha yanaendelea. Mimi wa Kibera mwenye diski moja nikisema "kama wakubwa wanatumia vitu kama hivi, mimi ni nani?", nimekopa imani yao bila kukopa nakala zao. Hapo ndipo niliungua.

Kutoka karatasi hadi Bomas

Sasa turudi nyumbani. Uchaguzi wa 27 Desemba 2007 ulihesabiwa na kujumlishwa kwa njia ambazo wengi wenu mnazikumbuka au mmesimuliwa. Matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, nchi ikawaka. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Tume ya Kriegler nayo, ikiripoti mwaka 2008, ikasema jambo ambalo kwangu linatisha kuliko wizi: kumbukumbu za hesabu zilikuwa zimevurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda.

Soma hapo tena. Watu walikufa kwa ajili ya namba, na namba yenyewe haipo. Diski ya taifa haikusomeka.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa pamoja na teknolojia. Kwenye kura ya maamuzi ya 4 Agosti 2010, maafisa walituma matokeo ya awali kwa simu kutoka vituoni, na mambo yakaenda vizuri. Watu wakapiga makofi, wakasema tumefika. Kumbe hizo zilikuwa wiki zetu saba tamu. Mwaka 2010 swali lilikuwa moja, ndiyo au hapana. Mwaka 2013 kila mpiga kura alipewa karatasi 6, kwa maeneo bunge 290, Kibra yetu ikiwa mojawapo kwa mara ya kwanza. Mzigo ulikuwa mwingine kabisa.

Tarehe 4 Machi 2013 mashine za kutambua wapiga kura kwa vidole zilikwama katika vituo vingi. Matokeo yakaanza kumiminika kwenye skrini za Bomas, kisha yakakauka. Halafu kile kioja cha kura zilizokataliwa: zilionekana kupita 300,000, na baadaye tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa inazizidisha mara 8. Ikabidi mfumo uachwe, wasimamizi wa maeneo bunge wakaitwa waje na karatasi zao mkononi. Hesabu ya mwisho ya kura zilizokataliwa ilikuwa 108,975. Na mshindi alivuka nusu kwa kura kama 8,400 tu. Weka hizo namba mbili karibu karibu: kosa la mara 8, na ushindi unaoning'inia kwa kura 8,400. Bila karatasi za kulinganisha, tungeishi na ile namba ya skrini.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na tarehe 30 Machi 2013 ikatupwa. Kuhusu teknolojia, majaji walisema, kwa maneno yangu, kwamba si kitu cha kutegemewa kikamilifu, kwamba inaingizwa hatua kwa hatua, na sheria iliiachia tume hiari ya kuitumia. Mtaa ulikasirika sana. Mimi nilikuwa darasa la nne, nakumbuka tu watu wazima wakizima redio kwa hasira.

Leo nikiusoma uamuzi ule naona walichosema kuhusu vifaa kilikuwa kweli tupu. Vifaa vilikuwa vichanga. Lakini hapo onyo la "bado kiko kwa majaribio" lilimkinga mwenye mfumo tu. Mwenye data, yaani wewe uliyepanga foleni tangu usiku, hakupata kinga yoyote.

"Fungua seva"

Mwaka 2017 kulikuja vifaa vipya, vile vya KIEMS, vya kutambua mpiga kura na pia kutuma matokeo pamoja na picha ya Fomu 34A. Hiyo ndiyo karatasi inayojazwa kituoni mbele ya mawakala na kubandikwa pale. Mwezi Juni mwaka huo Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyoletwa na Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho, makao makuu hayawezi kuyabadilisha. Kwa lugha ya kompyuta: data halisi iko huko chini ilikoandikwa. Kilichoko Nairobi ni nakala.

Siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando, aliyekuwa meneja wa teknolojia kwenye tume na mtu aliyekuwa akitueleza kwenye televisheni jinsi mfumo utakavyofanya kazi, alikutwa ameuawa. Uchaguzi ukafanyika 8 Agosti, mshindi akatangazwa tarehe 11. Wakati huo si Fomu 34A zote zilikuwa zimefika. Upinzani ukaenda kortini, na tarehe 28 mahakama ikaamuru waruhusiwe kuona kumbukumbu za seva. Tume haikutii ipasavyo. Ndipo "fungua seva" ikawa wimbo wa mtaa, hata watoto wa Olympic walikuwa wakiimba bila kujua seva ni nini.

Tarehe 1 Septemba 2017 majaji 4 dhidi ya 2 wakafuta uchaguzi wa rais. Watu wengi wanadhani mahakama ilithibitisha wizi ndani ya seva. Hapana. Hakuna aliyeona ndani vya kutosha. Mahakama ilisema, kati ya mambo mengine, kwamba tume ilipokataa kufungua, ilijinyima nafasi ya kukanusha yale iliyodaiwa. Kumbuka lile daftari la ext3. Kazi yake yote ni kusomwa mambo yakiharibika. Mfumo wenye daftari ambalo haliruhusiwi kusomwa ni sawa na mfumo usio na daftari.

Na gharama yake haikuwa ya makaratasi. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika vifo vya risasi za polisi baada ya matokeo ya Agosti, Mathare, Kibera, Kawangware na kwingineko. Wengine tunajua nyumba zao.

Tulipokagua wenyewe

Tukaja 9 Agosti 2022, mara yangu ya kwanza kupiga kura. Safari hii tume ilifungua tovuti ikawa inaweka picha za Fomu 34A kutoka vituo 46,229, mtu yeyote apakue. Mbogi yetu ilikaa kwenye kibanda cha chapati na bando za kuchangiana. Kijana mmoja alikuwa amepiga picha ya fomu iliyobandikwa kituoni kwetu. Tukapakua ile ya tovuti, tukaweka simu mbili pamoja, tukasoma mstari kwa mstari. Zikalingana.

Hiyo ndiyo alama ya ukaguzi, ndugu yangu. Hatukuhitaji kumwamini mtu yeyote Bomas, wala kujua seva ina nini ndani.

Nitakuwa mkweli: wengi wetu huku hatukufurahia matokeo. Makamishna 4 kati ya 7 walijitenga na hesabu ya mwisho, na hilo lilitutia joto. Lakini kesi ilipofika, Mahakama ya Juu ilisimamia ukaguzi, fomu zikalinganishwa na zile za tovuti, na tarehe 5 Septemba majaji wote wakaukubali uchaguzi. Kuna waliobaki na maswali, haki yao. Tofauti na 2007 ni kwamba swali lako ungeweza kulipeleka kwa karatasi fulani, ya kituo fulani. Hapo awali ungelipeleka wapi?

Lakini usilale

Kuna hadithi moja lazima niimalizie, la sivyo nitakuwa nimekudanganya. Hata ZFS, mzee anayeheshimiwa na wote kwa kulinda data, Novemba 2023 alikutwa na kasoro. Watu waliona faili walizonakili zina sehemu zilizojaa sifuri. Alama za ukaguzi hazikulia hata kidogo. Kwa nini? Kwa sababu ile faili ilisomwa vibaya kwa sekunde ndogo wakati wa kunakiliwa, na kile kilichosomwa vibaya ndicho kilichoandikwa, kikapewa alama yake safi. Alama inathibitisha kwamba kilichohifadhiwa ndicho kilichoandikwa. Haiwezi kujua kama kilichoandikwa kilikuwa kweli. Na kasoro yenyewe ilikuwa imejificha miaka kabla ya kuonekana.

Vivyo hivyo, tovuti ya 2022 ilituambia fomu ya mtandaoni ni ile ile ya kituoni. Haikuweza kutuambia kama msimamizi alijaza kweli pale kituoni saa nne usiku, taa ikiwa hafifu na mawakala wamesinzia. Hilo linakaguliwa na binadamu aliye macho ndani ya kile chumba. Kwa hiyo yule wakala wa Old Kibera Primary anayelipwa pesa kidogo, tena kwa kuchelewa, ana kazi ambayo hakuna seva itakayomfanyia.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Tutaletewa tena vifaa, na mtu mwenye tai atatuambia vimejaribiwa. Usiulize kama vimewahi kukwama, ataapa havijawahi. Muulize vilijaribiwa kwa mzigo gani, na je, kuna aliyezima stima makusudi katikati aone kitatokea nini. Muulize daftari la seva litasomwa na nani, na baada ya siku ngapi. Muulize namba ikiharibika, tutaijulia wapi, kwenye skrini yake au kwenye karatasi yetu. Akikasirika, umepata jibu.

Kwa upande wangu, sasa video zangu ziko mahali patatu: laptopu, diski ya nje nyumbani, na diski nyingine kwa shangazi Kawangware, kwa sababu moto wa hapa haufiki kule. Kabla ya kuamini mpango wowote mpya, nauwekea faili za kuchezea kwanza, nachomoa waya makusudi mara kadhaa, kisha nakagua moja moja.

Na yule mzee. Baada ya matanga nilikumbuka kwamba nilimtumia rafiki yangu kipande cha dakika 4 kwenye WhatsApp, nikijivunia sauti ilivyotoka safi. Rafiki hakuwa amekifuta. Mzee anasimulia jinsi alivyokaa juu ya mfuko wa unga usiku kucha mlangoni kwa jirani wa kabila lingine, ili wakija wamkute yeye kwanza. Nimewapelekea wajukuu. Dakika zingine zote 50 zimeenda.

2027 ukipiga kura, subiri hesabu ikiisha, piga picha ya ile fomu mlangoni iwe inasomeka, na uwatumie watu watatu. Hata kama mgombea wako ameshinda.